Chumba cha Gundi

Kazi yangu mimi ni kufunga kadi. Kiatu kikifika mezani kwangu kimekwisha kila kitu, kimepakwa rangi, kimetiwa kamba, na mimi napitisha uzi kwenye tundu la mwisho na kukifunga kadi ya kijani yenye picha ya jani. Kadi inasema kiatu hiki kimetengenezwa bila kumwonea mfanyakazi wala kuchafua hewa. Nimezifunga mpaka ncha za vidole zimeota sugu. Watu huniuliza kwa kunong'ona kama maneno yale ni ya kweli, wakitegemea nikunje uso na kusema ni uongo mtupu. Nawajibu kuwa ni ya kweli kabisa. Njoo kiwandani kwetu leo, nusa kila kona, hutasikia harufu yoyote. Ndiyo maana nikiitazama kadi ile roho inanichafuka.

Mdogo wangu alikuwa chumba cha gundi. Kiwanda kizima kilimwita Mdomo, na jina hilo hakusingiziwa. Tangu utotoni akiona jambo halijakaa sawa lazima aliseme, tena mbele za watu. Mimi nilirithi miguu mirefu ya baba. Yeye alirithi ulimi, sijui wa nani, maana marehemu baba alikuwa mpole kupita kiasi, na Mama alisema ulimi ule usitafutwe upande wake.

Kazi zote mbili tulitafutiwa na Mama. Ujana wake wote aliumalizia akifagia ofisi za kiwanda kile, na miguu ilipoanza kuvimba alimwendea meneja akapiga magoti, magoti hasa, juu ya sakafu aliyoipiga deki mwenyewe asubuhi ile, akaomba binti zake waajiriwe. Hadithi ya magoti yale tumelishwa pamoja na uji. Ukichelewa kuamka, magoti. Ukiunguza chakula, magoti. Mimi nilijifunza kuinamisha kichwa na kusema "ndiyo Mama", kwa hiyo alinipenda. Mdomo siku moja alimjibu, "Mama, magoti ni yako, uliyapiga kwa hiari yako," na tangu siku hiyo mapenzi ya Mama kwake yakawa ya kupimwa kwa kijiko. Naye Mdomo, kwa ukali wake wote, hakuna alichokitaka duniani zaidi ya kuitwa "mwanangu" na mwanamke yule. Alikuwa akiniangalia nikiitwa hivyo, halafu anainuka kwenda kutafuta kitu jikoni ambacho hakipo.

Chumba cha gundi kilikuwa nyuma ya ghala. Dirisha lake lilipigiliwa misumari ili vumbi lisiingie, na feni ya kutolea hewa ilikufa kabla sisi hatujaajiriwa. Humo ndani unapaka gundi kwenye soli kwa brashi, unasubiri ikauke kidogo mpaka inate kidoleni bila kulowesha, unaigandisha soli kwenye kiatu kilichovishwa mguu wa mbao, unagonga kwa nyundo. Gundi ile inapanda kichwani. Mgeni wiki yake ya kwanza hucheka. Nyundo ikidondoka anacheka, msimamizi akikohoa anacheka, anamshika jirani mkono na kumwambia anampenda tangu zamani. Wenyeji husema, "Mwacheni, amelewa mchana." Kisha kicheko kinakwisha na kichwa kinaanza kuuma, halafu pua inakufa. Pua ya Mdomo ilikufa mwaka uleule wa kwanza. Ukimwekea kitunguu kilichokatwa chini ya tundu za pua anakuuliza ni saa ngapi. Kikohozi kilikuja mwisho, na kilipokuja hakikuaga.

Mkaguzi wa kadi za kijani alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sauti laini na viatu visivyotoa mlio. Alitembea na karatasi zake akiweka alama za vema, vema hapa, vema pale, basi tukambandika jina Bibi Vema. Siku za kuja kwake zilijulikana mapema, na msimamizi wa chumba cha gundi, mtu tuliyemwita Haraka kwa sababu ndilo neno alilojua, aliwapanga mstari wafanyakazi wake na kuwafundisha majibu kama kwaya.

"Mkiulizwa mnapumzika?"

"Tunapumzika!"

"Mkiulizwa kuna harufu?"

"Harufu gani?"

"Hilo la mwisho hata si uongo," Mdomo alisema. "Pua yenyewe hatuna."

Watu wakacheka. Haraka hakucheka, alimwekea alama kichwani mwake.

Bibi Vema alipokuja aliwahoji watu uani, mmoja mmoja, na Haraka alisimama kando akijifanya anakagua tairi la gari. Zamu ya Mdomo ilipofika, Bibi Vema aliuliza kwa upole kama kuna lolote linalomsumbua. Mdomo alimsogelea. Alimshika mkono. Alimpitisha ghalani, akamwingiza chumba cha gundi wakati makopo yote yako wazi, akafunga mlango, akasimama mbele yake. Sisi tuliobaki uani tulisubiri tukitazamana. Haraka aligonga mlango mpaka akachoka. Mlango ulipofunguliwa Bibi Vema alitoka akicheka, anacheka kweli, ameshika mbavu, anatuambia tuna viatu vizuri sana, viatu vizuri mno. Halafu aliketi kwenye ngazi ya ghala akaanza kulia na kuomba maji.

Habari ilitangulia kufika nyumbani. Tulipoingia, Mama alikuwa ameketi chumbani kwake, miguu juu ya kigoda, uso umekunjamana.

"Mwambie huyo mwenzio," aliniambia mimi, "kwamba mimi nilipiga magoti, yeye kaenda kuitia kazi mchanga."

"Mama, si huyu hapa? Mwambie mwenyewe."

"Mwambie sina maneno naye."

Na kweli hakuwa na maneno naye. Tangu siku ile akawa anaongea na Mdomo kupitia kwangu, hata wakiwa wamekaa magoti yakigusana. Mwambie mwenzio chumvi imezidi. Mwambie mwenzio ananiziba mwanga. Mdomo akiuliza kitu, Mama alinitazama mimi kana kwamba nimeuliza mimi, na kunijibu mimi. Mwanzo tulidhani ni hasira za siku mbili tatu. Zikaja kuwa ndiyo maisha.

Lakini kiwandani Mdomo alishinda. Bibi Vema alipopona kichwa aliandika maneno makali: chumba kile kifungwe, kikifungwa kiwanda kitapewa daraja la juu la kadi ya kijani, kisipofungwa kadi zitaondolewa zote. Wenye viwanda wanaijua hasara ya kukosa kadi. Misumari ya dirisha iling'olewa, kuta zikapakwa chokaa, mlangoni wakabandika karatasi kwamba sasa ni chumba cha mapumziko. Watu walimbeba Mdomo juu juu wakamzungusha uani. Alirudi nyumbani sauti imemkauka, akapiga magoti mbele ya kigoda cha Mama, yeye ambaye hakuwahi kupiga magoti kwa mtu.

"Mama, tumeshinda. Chumba kimefungwa."

Mama alinigeukia. "Mwambie mwenzio akishashiba ushindi wake aoshe vyombo."

Wiki iliyofuata pikapu ya kiwanda iliingia mtaani kwetu. Haraka alishuka, akafungua nyuma, vijana wakaanza kushusha makopo ya gundi, magunia ya soli nyeupe, viatu vilivyokwisha kushonwa juu, na ile miguu ya mbao.

"Hii ni nini?" Mdomo aliuliza.

"Kazi yako. Ulisema kiwandani mnaumia, sasa utaifanyia kwako, raha mustarehe. Tunalipa kwa jozi."

"Sikusema iletwe nyumbani!"

"Na mimi sikusema mkaguzi afungiwe chumbani. Unataka, hutaki? Haraka, nina nyumba nyingine."

Mdomo aliitazama pikapu, akautazama mlango wa Mama, akasema washushe.

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Cha mbele tunalala mimi na Mdomo na ndimo tunamopikia, hakina dirisha ila mlango. Cha nyuma ni cha Mama, kina dirisha kubwa na meza, na ndicho chenye mwanga. Kazi ya kugandisha soli inataka mwanga, ukikosea unywele mmoja soli inakaa upande. Kwa hiyo makopo yalikwenda kwa Mama. Alikuwa hawezi kuondoka, miguu haimruhusu, na mahali pengine pa kukaa mchana hakuwa napo. Siku ya kwanza alilalamika kutwa nzima, kupitia kwangu, ingawa mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo aliyaweka malalamiko yote akanikabidhi jioni kwa mkupuo.

Wakati huohuo meneja alitukusanya uani kutueleza habari njema. Alisema serikali imekigawia kila kiwanda kiasi chake cha kuchafua hewa, na anayechafua pungufu anaruhusiwa kuuza kile alichobakiza. Sisi, baada ya kuondoa gundi, tumebakiza kingi. Tumekiuza kwa kiwanda chenzetu kilichokuwa na dhiki. Makofi tafadhali.

Chenzetu kile ni kile cha kuyeyusha vyuma chakavu, na ukuta wake ndio unaotazamana na dirisha la Mama. Zamani kiasi chao kilikuwa kinawaishia, wanalazimika kuzima tanuri siku kadhaa kila wiki, na siku hizo mtaa mzima tulikuwa tunaanika nguo. Sasa tanuri likawa halizimwi. Nilimweleza Mdomo maneno ya meneja naye akashusha nyundo polepole.

"Yaani ile hewa niliyoipigania, wamemuuzia huyu hapa nyuma?"

"Ndivyo nilivyoelewa."

"Basi wangenipa risiti," alisema, akacheka, akakohoa mpaka akashika meza.

Masizi ndiyo yaliyofunga dirisha. Soli ni nyeupe na gundi mbichi inashika kila kinachopita. Ukifungua dirisha, masizi yanaingia na kutua juu ya gundi. Haraka alipokuja kuchukua kazi alikamata soli kwa koleo, akavuta, ikabanduka, akamwonyesha Mdomo ile tabaka nyeusi iliyozuia isishike, akatupa kiatu sakafuni. Akakamata kingine, akatupa. Siku hiyo Mdomo alifanya kazi ya bure. Kesho yake alifunga dirisha na kuziba nyufa kwa matambara, moja moja, akiyasukuma kwa kijiko. Mama alimtazama akifanya hivyo bila kusema kitu, na mimi sikuwepo wa kumpelekea maneno.

Halafu Mama akaanza kucheka.

Nilikuwa natoka kazini, sijafika hata mlangoni, nikasikia kicheko chembamba cha msichana. Nikajua tuna mgeni. Nikaingia, nikakuta ni Mama, kichwa ameegemeza ukutani, machozi yanamtoka kwa kucheka, anamwonyesha Mdomo kidole. Mdomo alikuwa amesimama na brashi hewani, gundi inamdondokea mguuni naye hajui.

"Angalia mikono yake," Mama aliniambia, kisha akamgeukia yeye mwenyewe, uso kwa uso. "Mikono ya baba yako hiyo. Kila nikiiona nataka kulia. Njoo hapa, mwanangu."

Mdomo alikwenda. Alitembea kama mtu anayepita juu ya yai. Mama alimshika mikono, ile mikono yenye gundi kavu kama magamba, akaipiga busu. Mimi nilitoka nje nikasimama barabarani, kwa sababu nilihisi nikibaki nitaharibu kitu.

Tulifurahi, nasema kweli. Nyumba iliyokuwa na pilipili kila kona ikawa na nyimbo. Mama alitusimulia mambo ya ujana wake ambayo hatukuwahi kuyasikia, wanaume waliomtaka, viatu vyekundu alivyoazima akavivunja kisigino. Alimwambia Mdomo kuwa alifanya vyema kusema, kwamba yeye magoti yake yalikuwa ya woga na sasa anayaonea haya. Mdomo alinirudia maneno hayo kila jioni, neno kwa neno, akiongeza na namna Mama alivyokunja shingo. Asubuhi Mama alikuwa bado mkali, ananuna, anauliza "mwenzio anaanza kazi saa ngapi?", nasi tukasema ni uzee, amelala vibaya. Mdomo akifungua kopo la kwanza na kugonga soli chache, uso wa Mama unafunguka. Kichwa kilimuuma mara kwa mara. Tukasema jua. Chakula kikaanza kumshinda, tukasema ni miguu. Kicheko cha gundi nilikijua, nimekiona kwa wageni wengi kiwandani, lakini yule hakuwa mgeni wa wiki ya kwanza, alikuwa Mama yetu amemsamehe mtoto wake. Nani angekwenda kulinusa jambo kama hilo? Pua yenyewe mmoja wetu hana.

Bibi Vema alirudi. Safari hii alikuja mpaka nyumbani na mpiga picha, maana kiwanda kilikuwa kinaombewa kadi mpya, ya kazi zinazofanyikia nyumbani. Haraka alitangulia asubuhi akaondoa makopo, akafungua dirisha, akatandika kitambaa mezani. Kopo moja tu lililokwisha kutumika lilisahaulika chini ya kitanda, bila kifuniko. Bibi Vema aliketi karibu na Mama. Mama alimwambia ana mikono laini, akaisifu pua yake, akamwuliza kama ameolewa na kama bwana anamtosha. Mpiga picha alicheka mpaka mashine ikatikisika. Picha ilipigwa Mama akiwa amefungua mdomo wote kwa kicheko, amemkumbatia Mdomo shingoni.

"Nimefurahi sana," Bibi Vema alisema, na macho yake yalikuwa na unyevu. "Sijasahau ulichonionyesha siku ile, binti. Sasa niambie kwa uwazi. Kuna lolote linalokusumbua?"

Nilimtazama mdogo wangu nikangoja. Alijua habari za dirisha. Alijua masizi, alijua koleo la Haraka, alikuwa na kikohozi kifuani kama ushahidi. Mkono wa Mama ulikuwa begani kwake, unampapasa. Mdomo aliutazama mkono ule.

"Hakuna," alisema.

Bibi Vema akaweka alama ya vema.

Haikupita muda Mama akaanguka. Aliinuka kwenye kiti akitaka kucheza, wimbo wake mwenyewe mdomoni, akaenda chini akiwa na tabasamu na midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Tulimbeba mimi na Mdomo na jirani mpaka hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwenye usingizi machoni. Alimsikiliza kifua, akamnusa nywele, akatugeukia.

"Nyumbani mnafanya kazi gani? Rangi? Petroli?"

"Gundi ya viatu," nilisema.

"Chumba alichokuwa kina dirisha?"

"Kina. Tunalifunga."

"Amekuwa akichekacheka? Anaimba, anakuwa mchangamfu kuliko tabia yake, anasema mambo ya mapenzi?"

Nilisikia Mdomo amevuta pumzi. Daktari hakusikia, aliendelea kueleza kwamba huo ni mvuke wa gundi, unakwenda kwenye ubongo, unalewesha, na kwa mtu mzima kama huyu unakula mapafu na ini. Akipata hewa safi atarudi katika hali yake. Akirudishwa kwenye mvuke ule hatamaliza mwaka.

"Atarudi katika hali yake ipi?" Mdomo aliuliza.

"Ya kawaida. Mama yenu mliyemzoea."

Wodi ilikuwa na madirisha pande zote mbili na upepo ulipita huru. Siku baada ya siku macho ya Mama yalizidi kutakata. Mdomo hakubanduka pale kitandani, alimfuta, alimgeuza, alimchana nywele, na mimi niliyekuwa nakuja baada ya kazi nilimkuta kila mara ameegemeza kidevu kwenye godoro, anamsubiri aamke. Siku alipoamka sawasawa nilikuwepo. Mdomo aliinama.

"Mama. Ni mimi."

Mama alimtazama kwa muda, macho yake safi kabisa, hayana ukungu hata kidogo. Kisha akanitafuta mimi.

"Mwambie huyo mwenzio aniondokee mbele."

"Mama, huyakumbuki uliyoniambia?" Mdomo alisema. "Uliniambia nilifanya vyema. Ulinishika mikono."

"Mwambie sikumwambia kitu. Mwambie kama si ulimi wake gundi isingeingia nyumbani kwangu."

Na hilo, kwa bahati mbaya, lilikuwa kweli. Nilimchukia Mama saa ile, nalisema wazi, nilimchukia kwa kuwa mzima.

Tulimrudisha nyumbani. Kazi ya gundi tuliihamishia chumba cha mbele, mlangoni kwenye mwanga kidogo, tukatundika blanketi kati ya vyumba. Soli zilikaa upande, Haraka alitukana, koleo lilifanya kazi yake. Dirisha la Mama tulitaka kulifungua tanuri likipoa tu, na kwa kuwa halipoi tulilifungua hivyohivyo ili mvuke wa gundi usimrudie, akala moshi alasiri zote, akikohoa na kutukana kupitia kwangu. Mdomo alimwosha miguu, alimlisha. Mama alikubali kijiko na kugeuzia uso ukutani. Yule aliyekuwa anasema mbele ya kiwanda kizima akawa haongei. Nikimsemesha anajibu kwa kichwa. Nilidhani amekufa moyo, nikadhani yatapita.

Kisha kadi mpya zikaja. Boksi lilifunguliwa mezani kwangu mchana, na msimamizi wetu akatangaza kwamba leo tutafunga kazi mapema kwa sherehe, soda kwa kila mtu, kiwanda chetu kimekuwa cha mfano. Nikatoa kadi ya juu. Ni ya kijani vilevile, ila penye jani sasa kulikuwa na Mama. Mama amefungua mdomo anacheka, mkono shingoni mwa Mdomo. Chini wameandika kwamba kiatu hiki kimeunganishwa katika nyumba yenye upendo. Nilifunga zile za zamu yangu, jozi baada ya jozi, Mama ananicheka mkononi, ananicheka ndani ya boksi. Soda sikunywa. Nilificha kadi moja ndani ya blauzi nikaenda nayo nyumbani, jua bado kali, nikifikiri labda Mama akijiona hivyo atakumbuka kitu, hata kidogo, kitakachomtosha mdogo wangu.

Chumba cha mbele hakikuwa na mtu. Viatu vilikuwa vimepangwa, miguu ya mbao imepangwa, nyundo imelala. Nyuma ya blanketi nikasikia kile kicheko chembamba.

Dirisha lilikuwa limefungwa na nyufa zimezibwa kwa matambara. Kwenye kigoda, kando ya mto wa Mama, kulikuwa na kopo la gundi wazi, limejaa pomoni. Hapakuwa na soli mle ndani, wala brashi. Hapakuwa na kazi yoyote. Mdomo alikuwa ameketi sakafuni, kichwa amekilaza mapajani mwa Mama, na Mama alikuwa anampapasa nywele na kumwimbia.

"Mwanangu," Mama alikuwa anasema. "Mwanangu wa pekee. Mwanangu mwenye mikono."

Nilipita juu yao nikayang'oa matambara nikafungua dirisha kwa kishindo. Moshi wa tanuri uliingia wote kwa pamoja, mweusi, wa moto, na Mama alishikwa na kikohozi kilichompinda mpaka paji la uso likagusa magoti. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikalifunga dirisha mwenyewe.

"Unataka kumuua?" nilimwambia Mdomo. "Ulimsikia daktari. Ulimsikia kwa masikio yako."

Aliinua uso. Hakuwa na haya, wala hakuwa amelewa, gundi haimlevyi tena siku nyingi. Macho yake yalikuwa makavu.

"Dada," alisema, "wewe alikupenda bure."

Nilitafuta kifuniko cha kopo kwenye kigoda, chini ya mto, chini ya kitanda. Kisha nikakiona, amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Nipe hicho kifuniko."

Hakunijibu mimi. Alirudisha kichwa mapajani, akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mwambie Dada asubiri kidogo."

Mama alinitazama kwa uso ule wa kwenye kadi, meno yote nje, machozi ya kicheko mashavuni.

"Mwenzio anasema usubiri kidogo," aliniambia.

Nikasubiri.